Maziwa Yaliyochemshwa Mudende

Tumbo la mama yangu lilianza kumtesa baada ya dripu ya pili ya dawa ya saratani. Alikuwa akienda chooni mara nane, mara tisa kwa siku. Mama huyu ameuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, hapa Gisenyi tangu sijazaliwa, beseni kichwani, wala hana desturi ya kulala mchana. Sasa alitembea kwa kushika ukuta. Dripu zilipangwa sita. "Mi sirudie kule," aliniambia. "Bora ugonjwa iniue kuliko choo." Nikamfokea, kisha nikaenda kulia jikoni.

Habari zikamfikia mama mkwe wangu, anayefuga ng'ombe mmoja huko Mudende. Akashuka na kibuyu cha ikivuguto, maziwa yake mabichi yaliyogandishwa na kusukwasukwa, akakiweka mbele ya mama kwa mikono miwili. Kwetu maziwa hayakataliwi. Ukikataa, umemtukana mtoaji na ng'ombe wake pia. Mama akanywa, na mimi ndiye niliyeshukuru kwa sauti kubwa kuliko wote, maana nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba vijidudu hai vya mtindi hutuliza tumbo la mgonjwa wa namna hiyo. Nilijiona daktari.

Siku ya pili yake homa ikampanda. Hospitalini, kipimo kikaonyesha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, zimeshuka mno. Akalazwa, dripu ya tatu ikaahirishwa. Muuguzi alipouliza alikula nini, mama akageukia ukuta. Hakutaka kumwaibisha mama mkwe wangu. Mficha maradhi kilio humuumbua, kwa hiyo nikasema mimi: maziwa mabichi. Muuguzi hakugomba. Hakuapa kwamba homa ililetwa na maziwa. Alisema vijidudu vile huwasaidia baadhi ya wagonjwa, wengine haviwasaidii, na chembe zile zikiwa chini hata vile vyema vinaweza kuleta madhara. Maziwa mabichi asiyaguse mpaka matibabu yaishe. Chembe zikipanda, na daktari akikubali, anywe mtindi wa maziwa yaliyochemshwa, kikombe kidogo. Na vidonge alivyopewa vya kuzuia kuhara avimeze, asivitunze mkobani. Loh, vilikuwa mkobani kweli.

Ikabaki kumwambia mama mkwe. Nilipanda Mudende. Wazee wa huko wanaamini kwamba ukichemsha maziwa, ng'ombe aliyeyatoa hukauka. Nilitarajia ugomvi na nilikuwa nimejiandaa nao, maana ulimi wangu hauna breki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Nikimupa ile mubichi, inaweza kumuua?"

Nikasema inaweza. Akainuka, akachukua sufuria, akawasha moto, akamimina maziwa ya asubuhi. Siku ile nilimpenda mwanamke yule kuliko siku zote za ndoa yangu, mume wangu anisamehe.

Daktari aliporuhusu, akaanza kuleta mtindi katika chombo cha chuma chenye mfuniko, uliogandishwa kwa kijiko cha mtindi wa dukani. Tumbo la mama likatulia kiasi. Kama ni mtindi, au vidonge, au vyote, sijui, na muuguzi naye hakujitia kujua. Dripu ya tatu ikapita, na ya nne.

Kisha maziwa ya ng'ombe yakapungua. Nilimwambia mama mkwe kwamba ng'ombe ana mimba kubwa, ndiyo sababu. Hakuniamini, kwake ulikuwa ule moto wa sufuria. Akaendelea kuchemsha.

Asubuhi ya dripu ya tano mama aliketi kitandani bila viatu, akasema amefika mwisho wake, tusimsumbue. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimfokee, mama mkwe akaingia na chombo chake. Mama akafunua mfuniko.

"Iko kidogo leo."

"Njo yote yenye ng'ombe alitoa," mama mkwe akajibu, akaketi kando yake.

Mama akanywa taratibu mpaka tone la mwisho, akajifuta mdomo.

"Bon," akasema. "Huyu mama anapoteza ng'ombe yake juu yangu, na mi niogope sindano? Lete viatu."