Bweni Asiloingia Bosibori

Bosibori alikuwa mlezi katika nyumba ya kurekebisha vijana kule Manga, na tangu aajiriwe hakuwahi kuingia wavulana wanakolala. Aliwapikia, akawafunga vidonda, akawagombeza mpaka sauti ikamkauka, lakini kwenye kizingiti cha bweni alikoma. Kwa Abagusii, mwana akishatahiriwa mama haingii anakolala. Hiyo ndiyo chinsoni, haya inayomwonyesha kila mtu mpaka wake. Na wavulana hawa walioletwa na mahakama kwa wizi na bangi, ambao sheria waliichezea kama mpira, haya hiyo waliishika. Kwa sababu yake walimwita mama, wakamtii.

Asubuhi hiyo mambo yalikwenda mrama. Meneja mpya, Bwana Obwocha, alikuwa amenusa bangi, akatuma askari wa lango wapekue magodoro. Askari mmoja akamzaba mvulana kofi. Kufumba na kufumbua askari walikuwa nje, wamefukuzwa kwa mbao za vitanda, na mlango umezibwa kwa vitanda vyenyewe. Kisha sauti ikatoka ndani kwamba kuna kiberiti.

Obwocha aliita polisi, halafu akajutia simu yake, maana naye hakutaka maiti. Alimfuata Bosibori jikoni jasho likimtiririka. Polisi wako njiani, alisema. Vijana wakitoka kabla hawajafika, atawaambia polisi warudi.

"Mama, wewe ndio hawawezi kugusa," akamwambia. "Ingia utoe hao watoto."

Bosibori aliona giza. Ndani alikuwamo Manasseh, kijana wa Nyamarambe ambaye Jumatatu hakimu angemwachilia arudi kwa nyanya yake. Bosibori mwenyewe ndiye aliyesimama mahakamani kumsemea. Polisi wakimkuta ndani, safari ya nyumbani imekufa, ataishia jela. Moto ukiwaka, hata jela hatafika. Basi aingie? Lango la kiwanja lilikuwa na kufuli, askari wamejipanga na rungu zao, Obwocha anatazama saa. Hapakuwa na pa kukimbilia, na pangekuwapo angekimbia, tuseme ukweli.

Alikwenda mlangoni akamwita Manasseh kwa jina. Akaitikia kwamba hawatoki, wakitoka watapigwa.

"Basi naingia," Bosibori akasema.

Kisha Manasseh, kwa sauti iliyopungua: "Mama, usiingie. Tafadhali."

Bosibori akausukuma mlango kwa bega. Vitanda vilikwaruza sakafu. Kumzuia askari ni ushujaa, lakini nani angethubutu kumsukuma mama? Alisikia wakinong'ona kwa Ekegusii, wengine wakitafuta mashati, kisha wao wenyewe wakavivuta vitanda visimwumize. Akavuka kizingiti. Harufu ya usingizi wao ikampiga usoni, nguo zao za ndani zikiwa kwenye kamba, na akajua ameona asichopaswa kuona. Akakaa kwenye kitanda kilichokuwa karibu.

Walitoka mmoja mmoja wakimpita ubavuni, macho chini, kiberiti kikaachwa dirishani. Manasseh alikuwa wa mwisho. Alisimama kidogo, bado akitazama sakafu.

"Hata mama aliyenizaa hajawahi kunifanyia hivi," akasema, akatoka.

Nje walikaa chini kwenye nyasi kama walivyoagizwa, wamegeukia mlango. Askari waliteremsha rungu. Obwocha alipiga simu akicheka kwa furaha, polisi wakageuza gari, na Jumatatu ya Manasseh ikapona. Ndipo meneja alipomwita Bosibori atoke apongezwe, tena akasema kwa sauti ya wote kusikia kwamba kuanzia kesho Bosibori ndiye atakayekagua bweni kila asubuhi.

Bosibori alisikia kila neno. Mlango ulikuwa wazi, lakini ili atoke ilimbidi apite mbele ya macho yao yote. Alijaribu kusimama, akashindwa, akabaki amekaa kwenye kitanda cha mtoto wa mtu.