Daktari wa meno aliniuliza, nikamdanganya

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana baba ana ndugu wengi humu ndani. Nina miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne, na ninaandika nikiwa kitandani hospitalini hapa Njombe. Hii ni wiki ya nne ya sindano za mishipa. Mikono imevimba na nimechoka sana, mnisamehe nikiandika ovyo.

Tangu utotoni mlango mmoja wa moyo wangu haufungi vizuri. Nina kadi iliyoandikwa kwamba nisiguswe jino bila kupewa antibayotiki saa moja kabla. Walituelewesha kwamba wadudu wa mdomoni wanaweza kuingia kwenye damu kupitia kidonda cha jino, wakaenda kujishikiza kwenye ule mlango mbovu. Kila nikisafiri, baba huuliza kadi iko wapi hata kabla ya kuuliza kama nimekula.

Baada ya mitihani nilikwenda Makambako kwa shangazi, dada yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa akija kwetu kunilea tangu mama afariki. Alinitafutia kazi ya kuchambua parachichi kwenye banda la kupakia. Alinikataza kabisa kutaja moyo. Alisema mgonjwa haajiriwi, na kuolewa ndiyo asahau.

Jino likaanza kuuma. Shangazi akanipeleka kliniki, na kwenye benchi la mle mle chumbani kwa daktari tukamkuta mke wa msimamizi wetu wa banda akisubiri zamu yake. Daktari alikuwa kijana mpole. Akaniuliza kama nina shida ya moyo, kisukari au presha. Shangazi akanijibia.

“Huyu? Anabeba kreti mbili za parachichi kama mwanaume. Mzima kabisa.”

Yule mama akacheka. Daktari hakucheka, akaniangalia mimi.

“Nataka anijibu mwenyewe. Ni kweli, binti?”

Kadi ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba uko mapajani pangu. Nikasema ni kweli.

Jino likang'olewa vizuri tu. Wiki mbili baadaye nikaanza homa, jasho, kuishiwa nguvu. Nikapimwa malaria, hakuna. Nikazidi kudhoofika hadi baba akaja kunichukua, na hapa wakakuta maambukizi kwenye damu yameshafika moyoni. Daktari wa wodi alisema hawezi kuapa, ila huenda yaliingilia pale kwenye jino.

Baba aliniuliza swali moja tu, kama yule wa meno aliniuliza habari za moyo. Nikalia. Akachukulia kilio kuwa jibu, kwamba sikuulizwa. Sasa anataka yule kijana afukuzwe kazi, na anasema hata kilichoandikwa kwenye faili, kwamba sina tatizo, amekitunga.

Shangazi alikuja na chupa ya chai na viazi. Baba alipotoka akanishika mkono. “Mwanangu, kaka akijua, mimi kwenu sikanyagi tena.” Simchukii. Ndiye anayenifuta jasho na kunifulia. Na pia kinywa kilichosema ni kweli kilikuwa changu.

Nyumbani barua zote za ofisini huwa naandika mimi, tangu nikiwa darasa la tano, kwa sababu baba hakusoma sana na anausifia mwandiko wangu kwa kila mtu. Jana aliniletea karatasi na kalamu. Akakaa pembeni ya kitanda, akanitajia sentensi ya kwanza taratibu ili nisikosee: “Andika, mama. Daktari hakumuuliza mtoto wangu chochote.”

Nilimwambia mkono unauma, nitaandika kesho. Kesho yenyewe ndiyo leo, na atakuja kuichukua saa ya kuona wagonjwa. Hadi sasa nimeandika anwani na tarehe tu. Katika watu wote wa siku ile, yule daktari ndiye pekee aliyetaka kunisikia mimi nikisema.

Wazazi wangu, dada zangu, kaka zangu mnaosoma hapa, nishaurini. Baada ya tarehe niandike nini?