Karanga za Nambewe

Kacha! Ganda la karanga likivunjika kati ya vidole hulia hivyo, na Nambewe, mkulima wa kijijini kwetu karibu na mji wa Mchinji, Malawi, aliizoea sauti hiyo tangu akiwa mgongoni mwa mama yake.

Mwaka jana aliikwepa. Shule ilimwomba karanga za uji wa watoto, na kwa kuwa kubambua maganda makavu huchubua vidole, akafanya kama wengi wetu: akazilowesha kwanza. Maganda yalilainika, lakini punje ziliota ukungu. Wapishi wakamrudishia gunia zima, naye akapita njia ya nyuma kwa aibu.

Mwaka huu amebambua kavukavu, wiki mbili nzima. Leo asubuhi alitua gunia mlangoni pa jiko la shule.

"Umeziogesha tena, shoga?" akamtania Mama Nasibeko, mkuu wa wapishi.

"Ziogeshwe wapi? Hata mimi naoga kwa shida, maji yanachoma vidole!"

Mama Nasibeko akachota konzi, akanusa, akatafuna moja. Akatafuna ya pili.

"Haya, mimina kinuni."

Saa nne watoto walikunywa uji, wakaramba vikombe, wakapanga foleni tena. Mama Nasibeko akaishika mikono ya mwenzake, akaona vidole vimejaa malengelenge.

"Pole, dada yangu."

Nambewe hakuondoa macho kwenye ile foleni.

"Vitapona," akanong'ona.