Vyura Walioamshwa Burat

Mjukuu wangu alinisomea kitabu cha shule: huko nchi za baridi popo huingia mapangoni na kulala miezi yote ya theluji, maana wadudu wa kula hakuna, na ukihangaika bure mafuta ya mwili yanakwisha. Mimi shule niliachia darasa la pili, lakini nikamwambia hiyo naijua. Wanyama wetu Isiolo hukimbia jua, si baridi. Kobe hujifukia. Konokono hujifungia ndani. Na chura... Akaniuliza, "Babu, umemeza nini?"

Nitasema. Ukame mmoja, serikali za kaunti zikiwa zimeshakuja, nilikuwa na shamba la vitunguu Burat, karibu na mji wa Isiolo. Baba yangu hakulima, yeye alikuwa mtu wa lori, kama wengi wetu wajukuu wa askari wa zamani wa mkoloni waliopewa makao hapa, lakini hayo tuyaache. Jioni moja nilisahau kufunga mfereji, maji yakajaa shimo tulilokuwa tunachimba udongo wa matofali. Asubuhi, vyura! Walikuwa wamelala chini miezi mingi, wamejifunika ngozi kavu kama karatasi, wakadhani ni mvua. Kelele mpaka unaziba masikio.

Saa hiyo hiyo shemeji yangu akapiga simu. Ni Mborana, ameoa dada yangu, na ng'ombe wake walikuwa Sericho, safari ya siku nyingi kwa miguu katika nchi kavu, maji yakikaribia kuisha. Alikuwa anangoja dalili tu ahame.

"Salaam aleikum, shemeji. Nasikia nini hapo nyuma yako?"

"Vyura. Hata mke wangu nikimwita hasikii."

"Wallahi? Vyura wa Burat?"

"Njoo uwachukue, wamenichosha!"

Tukacheka, simu ikakatika. Mfugaji akisikia chura hangoji redio, anajua mvua imenyesha na majani yanakuja. Hilo nalijua tangu utoto. Nilisema nitampigia nimweleze habari ya mfereji, mara akaja mnunuzi wa vitunguu, mara hili, mara lile. Nikisema kweli, nilipenda kidogo kuwa mtu aliyempa habari njema. Nilipiga siku ya tatu. Hakupatikana. Alikuwa njiani.

Alitoka na ng'ombe arobaini, akafika na kumi na mmoja, mifupa mitupu. Akasimama kando ya lile shimo. Lilikuwa limeshakauka, vyura wengine wamekufa juu ya matope, hawakuwahi kurudi chini.

"Mvua iko wapi?"

"Ulikuwa mfereji, shemeji. Niliuacha wazi."

"Na ulijua mimi nimesikia nini."

"Nilijua."

Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana. Aliomba maji ya ng'ombe, nikafungua, wakanywa, wawili wakalala palepale na hawakuamka tena.

Alinisamehe mbele ya wazee, tukapeana mkono. Dada yangu bado huja kila Idi. Zamani aliniletea kibuyu cha maziwa ya ng'ombe wao. Sasa huleta ya pakiti, huyaweka mezani, kisha huongea na mke wangu.