Shikamoo ya Chumba cha Kamera

Daktari wetu wa kamera ya tumbo alijifunza Kiswahili chuoni, na hukivaa kama suti iliyopigwa pasi. Huwapa shikamoo hata wagonjwa wa miaka ishirini. Ila "funga" na "fungua" humchanganya, kwa hiyo tulimkataza kuyatamka kibanio cha kuzibia kidonda kikiwa ndani ya mtu, maana mpini wake tunaushika sisi manesi.

Jana Mzee Mutai aliletwa akitapika damu. Tulipoingiza kamera, kidonda cha tumboni kilifoka, skrini ikawa nyekundu, daktari akakilenga kidonda kwa kibanio. "Bridget, funga!" Kwa mara ya kwanza hakukosea. Nikafunga, damu ikakoma.

Mzee alipozinduka, daktari akamwinamia: "Shikamoo, Mzee. Umesalimika."

"Marahaba." Akanigeukia. "Huyu ni wa Mombasa ama Lamu?"

"Wa Baltimore, Marekani," nikajibu, kifua mbele, kana kwamba nimemzaa mimi.