Mama Milango na mlango wake mwenyewe

Saa mbili asubuhi, Mama Milango anafungua mlango wa ndege ndogo nyeupe, anaufunga, anausikiliza. Anaufungua tena. Rubani aliyekuja kuichukua ndege anatazama saa yake, kisha anamtazama yeye.

Anachosubiri rubani ni mhuri tu. Bila huo, ndege haitoki karakanani.

Kwa miaka mingi mama huyu aliunda milango ya ndege katika kiwanda hiki, ndipo jina likamganda. Enzi hizo kila ndege iliyokamilika ilikaguliwa na mtu wa serikali, mzee mkali waliyembatiza Mzee Tochi kwa sababu alimulika hata mahali penye jua. Akinuna yeye, kiwanda kizima kinanuna.

Kisha kiwanda kikapata cheti cha uundaji, na cheti kikaja na heshima yake: serikali sasa inakiamini kijikague chenyewe na kuipa ndege ruhusa ya kuruka. Mzee Tochi akaacha kuja. Mama Milango akafunzwa ukaguzi, akakabidhiwa mhuri.

"Mshahara nalipwa na kiwanda, lakini mhuri unasema mimi ni jicho la serikali," anasema, akiugeuzageuza mkononi. "Sasa nikikataa ndege, nani kamkatalia nani? Hapo ndipo kichwa kinaponizunguka."

Nyumbani nako hakuna nafuu. Mumewe humuuliza kila jioni amkaribishe nani, serikali au mke wake. Mama hucheka, ila swali analala nalo.

Leo limemfuata hadi kazini. Mlango huu aliuunda yeye, kabla hajahamishiwa ukaguzi. Ameutambua kwa jinsi ukingo ulivyolainishwa. Kasoro haioni, na hilo ndilo linalomtisha: hajui kama mlango ni mzima au anaupenda tu. Mkaguzi mwenzake yuko likizo, anarudi kesho.

Meneja anafika, anaongea kwa upole. "Mama, huu si mlango wako? Nani anaujua kuliko wewe?"

"Ndiyo shida yenyewe, bosi."

Anauweka mhuri mfukoni bila kuugonga. Rubani anaambiwa arudi kesho, anaondoka bila kuaga. Mama Milango anakaa kwenye benchi, haelewi kama amefanya kazi au ameiharibu. Anajisikia vibaya, wala hafichi.

Serikali bado ina haki ya kuja kukagua wakati wowote itakao, kwa hiyo kila gari likisimama getini yeye huchungulia.

"Natamani Mzee Tochi aje hata mara moja," anasema. "Anikute na mlango wangu, anikatalie. Siku hiyo nitalala."