Macho Niliyompaka Bundi

Kazi inayonilisha ni picha za harusi, hapa Iringa mjini. Bundi nilianza kuwapiga picha kwa kupenda tu. Nilipomwambia mke wangu kwamba Jumamosi naenda Madibira kupiga picha bundi, aliniuliza kama ndege wengine wote wamekwisha.

Bundi hao walikuwa wakiishi kwenye ghala la mpunga la bibi mmoja mjane. Yeye na marehemu mumewe walihamia huko Usangu na ng'ombe wao kutoka Usukumani, zamani. Mwanawe nilikuwa nimempigia picha za harusi, na ndiye aliyenipeleka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe unayewataka bundi wangu?" Alicheka. "Watu wanasema nawafuga. Siwafugi mimi. Wamekuja wenyewe, wanakula panya, mpunga wangu unabaki. Nawafukuza kwa nini?"

Halafu akaacha kucheka. Alinieleza kwamba majirani wengine walishaanza kunong'ona kuwa kikongwe anayelala nyumba moja na bundi si mtu mzuri. Kule kwao, maneno kama hayo yalimhamisha shangazi yake kijijini.

"Kwa hiyo piga, mwanangu. Piga mchana hivi hivi, watu waone ni ndege tu."

Nikapiga. Walikuwa wawili, wameketi juu ya boriti, mmoja kasinzia. Nyuso zao zilikuwa nyeupe, umbo la kopa la kwenye karata, na macho meusi, mapole, kama mbegu za papai. Bibi alisimama akiushika mlango ili upepo usiubamize, huku akiniuliza kwa sauti ya chini kama wanatokea vizuri.

Niliporudi Iringa nikazifungua picha kwenye kompyuta, sikufurahi. Niliona ndege wenye usingizi ndani ya ghala: magunia, kamba, bati lenye kutu. Nami nilikuwa nimeshaahidi kupeleka picha kwenye maonesho Mbeya. Nikajiambia nitarekebisha kidogo tu. Nikapunguza mwanga. Nikaongeza bluu mpaka mchana ukawa usiku. Nikafuta magunia, nikafuta bati. Mwisho nikayaendea macho. Niliyapaka manjano, nikayawasha, nikayaongezea ukali hadi yakawa kama yanakufuata ukihama kiti.

Mke wangu alipita na chai. "Huyu ananitisha," alisema. Nikaona nimesifiwa.

Kule Mbeya picha yangu iliwekwa karibu na mlango, na watu waliizunguka. Mwalimu mmoja aliniuliza, "Ulikesha usiku ngapi kumngoja huyu?" Nilitabasamu, nikasema bundi wanahitaji subira. Hata sasa nikilikumbuka tabasamu lile, masikio yananiwaka moto.

Sijui nani aliipiga ile picha kwa simu yake. Nilishtukia tu yule mwana wa bibi akinipigia.

"Kaka, umemfanyia nini mama yangu?"

Picha ilikuwa imefika kwenye kundi la WhatsApp la kijiji chao. Mtu alikuwa ameandika kwamba hao ndio bundi wa yule bibi, wameonekana usiku nyumbani kwake wakiwaka macho. Wanawake waliokuwa wakilima naye kwa kupokezana hawakutokea shambani kwake. Mkwe wake, mke wa huyo mwanawe, alichukua watoto akaenda nao kwa wazazi wake. Vijana wakachoma nyasi mbichi na pilipili ndani ya ghala mpaka bundi wakatoka, wakapotelea mabondeni.

Nilikwenda. Njia nzima nilipanga maneno ya kujitetea. Bibi alikuwa amekaa nje. Nikamwamkia, akaitikia marahaba yake kama siku ile ya kwanza, na hilo peke yake lilinifanya nishindwe kumtazama.

"Mwanangu, wewe uliwaona," alisema. "Macho yao yalikuwa vile?"

"Hapana, bibi."

"Nani aliyaweka?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Kati ya maneno yote niliyopanga njiani, hakuna lililofaa hapo. "Nilitaka ipendeze."

"Ipendeze," akarudia polepole, kama mtu anayejaribu kutamka neno la kigeni.

Kesho yake mwenyekiti wa kitongoji aliwaita watu kwenye mashine ya kukoboa mpunga, maana ndipo penye umeme. Niliunganisha kompyuta yangu na televisheni ya mwenye mashine, nikawaonesha picha ya asili. Kisha nikairudia kazi yote mbele yao: mchana ukageuka usiku, magunia yakapotea, macho yakawaka. Mzee mmoja akauliza, "Kumbe na mtu unaweza kumfanya hivyo?" Nikasema ndiyo.

Mwanamke mmoja akasimama. "Basi tutajuaje kama hii ya mchana siyo uliyoitengeneza?"

Nilikuwa nimeharibu hata ile ya kweli. Bibi ndiye aliyesema, bila kunyanyuka pale alipokaa: "Mimi nilikuwepo. Ulikuwa mchana, na jua kali." Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Mkwe alirudi na watoto. Baadhi ya wanawake walirudi shambani, wengine mpaka leo hupita njia nyingine wakimwona bibi. Bundi hawajarudi, na panya wanajilia mpunga. Waandaaji wa maonesho niliwaandikia kuomba picha yangu iondolewe, nikaeleza sababu, wakaiondoa.

Lakini kwenye simu bado inatembea. Juzi nilikuwa kwenye mgahawa Mafinga, nikamwona kijana wa meza ya jirani akiwaonesha wenzake. Chini yake yalikuwa yameandikwa maneno kwamba ni jini la Usangu. Nilinyanyuka, nikamwambia picha hiyo niliipiga mimi, mchana, ndani ya ghala, na yule ni ndege tu. Alinitazama toka juu mpaka chini, akacheka, akaendelea kuwatumia wenzake.